Tano au kumi na moja? Kwa nini walimu hatupatani juu ya insha ya Kiingereza

Niliwapa vijana wa kidato cha pili insha ya Kiingereza juu ya siku ambayo hawataisahau. Binti mmoja wa upande wa Tandahimba akaandika kuhusu mvua ya Novemba iliyozikuta korosho zao zikiwa zimeanikwa uani. Nanukuu kipande kama kilivyokuwa: "The rain he come and we carry korosho inside. My grandmother he did not run. He sit on the sack and he count the hole of the roof."

Nilimpa 11 kati ya 20. Mwalimu mwenzangu wa mkondo B, nilipomwomba aipitie bila kumwonyesha alama yangu, akampa 5.

"Mwalimu, tano kwa lipi?" nikamuuliza.

"Zihesabu hizo 'he' kwanza, halafu tuzungumze."

Nikazihesabu. Katika mistari mitatu ziko nne, na zote nne hazifai. Nikamjibu kwamba mimi nimemwona huyo bibi amekaa juu ya gunia anahesabu matundu ya paa, wakati wengine wote wanakimbia, na tangu nianze kusahihisha rundo lile sikuwa nimemwona mtu mwingine yeyote. Akacheka. "Hilo ni somo la Kiingereza, Mwalimu, si la mabibi."

Ukibadili alama zetu kuwa asilimia, yangu ni 55 na yake ni 25. Katika madaraja tunayotumia kidato cha nne, 45 hadi 64 ni C, na chini ya 30 ni F. Karatasi moja, siku moja, chumba kimoja cha walimu, na binti ana C kwangu, F kwa jirani. Tena hakuna kati yetu aliyesahihisha kwa uvivu. Wote wawili tulisoma kila neno, ila kila mmoja alikuwa anapima kitu chake.

Ugomvi huu ni mkongwe. Mwaka 1912 huko Marekani, Daniel Starch na Edward Elliott walichukua karatasi mbili za mtihani wa Kiingereza wakazipeleka katika shule za sekondari 200, walimu wazisahihishe kwa kipimo cha 100. Majibu ya kutumika yakarudi 142. Karatasi ya kwanza ilikuwa imepata kuanzia 64 hadi 98, na ya pili kuanzia 50 hadi 97. Kwa kuwa alama ya kufaulu ilikuwa 75, mwanafunzi yuleyule alifaulu kwa mwalimu huyu akafeli kwa yule. Na hao walikuwa watoto wanaoandika lugha ya mama zao.

Mwaka 1961 Paul Diederich na wenzake wawili walilichimba jambo hili zaidi. Walikusanya insha 300 za wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, wakawapa wasomaji 53 kutoka fani sita, wakiwemo walimu wa Kiingereza, wanasayansi, wanasheria na wafanyabiashara. Kila msomaji azipange katika mafungu tisa kadiri anavyoona yeye, bila maelekezo. Katika kila insha 100, insha 94 ziliangukia mafungu saba tofauti au zaidi. Mtu akiishia hapo atasema kuhukumu maandishi ni bahati nasibu. Ila hao watafiti hawakuishia hapo. Walipotazama nani anakubaliana na nani, wakakuta wasomaji wamejigawa wenyewe katika makundi matano. Kundi moja lilitazama mawazo. Jingine lilitazama makosa ya sarufi, tahajia na alama za uandishi. La tatu lilitazama mpangilio, la nne maneno yaliyochaguliwa, na la tano lile jambo gumu kulitaja ambalo sisi tungeliita ladha, ile sauti ya mwandishi. Kwa hiyo kutopatana kuna mpangilio wake. Mimi na mwenzangu tungekuwepo mwaka ule, yeye angekwenda kundi la pili, mimi la tano.

Huku kwetu kusini mwa Tanzania jambo hili halihitaji maelezo marefu, maana korosho imetufundisha. Anayenunua kwa kangomba, yaani mitaani nje ya utaratibu rasmi, huja na kopo lake: kopo likijaa, hesabu imekwisha, mpe hela aondoke. Ghalani mambo ni mengine. Huchukuliwa sampuli, hupimwa unyevu, huhesabiwa punje zinazofanya kilo moja, halafu punje hukatwa ili kuona ndani kuna nini, nzima zikae huku, zilizooza na zilizosinyaa zikae kule, zipimwe uzito. Korosho inaweza kuwa kubwa na kavu, ganda linang'aa, ukaikata ukakuta nyeusi. Inaweza kuwa ndogo, ya kudharauliwa, na ndani iko nyeupe kabisa. Hakuna anayejaribu kuyajua yote hayo kwa namba moja. Zinapatikana namba kadhaa, na daraja huja baadaye.

Insha ya Kiingereza nayo ilipatiwa kipimo cha aina hiyo mwaka 1981, mahsusi kwa watu wanaojifunza lugha hiyo kama ya pili. Holly Jacobs na wenzake walitoa jedwali lenye sehemu tano: maudhui alama 30, mpangilio 20, msamiati 20, matumizi ya lugha, yaani sarufi, 25, na mwisho tahajia, hati na alama za uandishi kwa pamoja, 5. Jumla 100. Tukakaa mimi na mwenzangu tukaipitia insha ya binti upya kwa jedwali hilo, kila mtu na karatasi yake. Mimi nikapata 65, yeye 57. Pengo la alama 30 likawa la alama nane. Na sasa tulijua limelala wapi: tatu kwenye maudhui, mbili kwenye mpangilio, mbili kwenye sarufi, moja kwenye msamiati. Kumbe hata kwenye sarufi, tuliyokuwa tunagombania, tulikuwa tumetofautiana kwa alama mbili tu. Wote tulikubali sarufi yake ni mbovu. Kilichotugombanisha ni ukubwa wa hiyo sarufi ndani ya jumla, na hakuna kati yetu aliyekuwa amekitaja.

Tahadhari moja kwa anayetaka kulichukua jedwali hilo akalitumia kesho darasani. Alama zake hazianzii sifuri. Kila sehemu ina sakafu yake, na ukizijumlisha sakafu zote unapata 34. Maana yake karatasi mbovu kuliko zote bado ina 34, ambayo kwetu ni D ya kufaulu. Usizilinganishe alama hizo na madaraja yetu moja kwa moja, utajikuta umefaulisha shule nzima.

Halafu, nani aliamua maudhui yawe 30 na sarufi 25? Watu waliamua. Mtihani wa IELTS, ambao wengi wetu tunausikia mtu anapotafuta nafasi ya kusoma Uingereza, una vigezo vinne vyenye uzito sawa, robo kwa robo: kujibu swali, mtiririko na muumano, msamiati, na sarufi. Hapo sarufi ina robo, msamiati robo, na hati haina fungu lake. Insha ileile ukiipitisha kwenye vipimo viwili inaweza kupanda hapa ikashuka pale, bila mwandishi kubadili nukta. Uzito ni uamuzi kuhusu nini tunakithamini. Shule inayosahihisha bila kuuandika uamuzi huo nayo imeshaamua, ila kila mwalimu ameamua lake kimyakimya.

Wapo waliochoka na hukumu za watu wakasema tuhesabu, kwa sababu namba haina upendeleo. Hapa ndipo palipo na kazi nyingi zaidi, na ndipo penye mitego.

Chukua makosa. Ni kitu rahisi kuhesabu, sivyo? Rudi kwa yule bibi. "He" nne: hayo ni makosa manne au kosa moja lililotokea mara nne? Kwa Kiswahili tunasema "bibi alikaa", na hiyo "a" inamfaa bibi, babu, mtoto, hata simba. Lugha yetu haiulizi kama ni mwanamke au mwanamume. Tena kiambishi hicho hakiondoki hata jina likitajwa: bibi a-likaa, mvua i-likuja. Binti alichofanya ni kuichukua kanuni hiyo nzima na kuivalisha maneno ya Kiingereza: "grandmother he", "rain he". Hakubahatisha. Angekuwa anabahatisha, mara mojamoja angepatia. Mwanaisimu Pit Corder alilieleza hilo mwaka 1967: kuteleza ni kitu kimoja, na kosa la kudumu ni kitu kingine, kwa sababu la kudumu linaonyesha kanuni ambayo mwanafunzi ameijenga kichwani kwa wakati huo. Kalamu nyekundu ikizungushia "he" nne inamwambia binti amekosea mara nne. Sentensi moja ya maelezo pembeni ingemwambia kuna kitu kimoja tu cha kurekebisha. Mimi husoma "he" za namna hii kama kosa moja, na mwenzangu hajakubali mpaka leo.

Kuna kipimo kingine kilichopendwa sana. Mwaka 1965 Kellogg Hunt, akichunguza maandishi ya watoto wa Kimarekani, aliacha kuhesabu sentensi kwa sababu watoto hawajui pa kuweka nukta. Badala yake alihesabu alichokiita yuniti T: kishazi huru kimoja, yaani kauli inayoweza kusimama peke yake, pamoja na vishazi tegemezi vyote vinavyoning'inia kwake. Akaona kadiri mtoto anavyokua, yuniti zake zinarefuka. Watafiti wa lugha ya pili wakakidaka kipimo hicho, wakaongeza vingine. Mwaka 1998 Kate Wolfe-Quintero na wenzake walipovikusanya vipimo vya ufasaha, usahihi na uchangamano wa sentensi vilivyokwisha tumika, walivikuta zaidi ya 100. Leo kompyuta inavikokotoa kwa sekunde.

Tatizo ni kwamba urefu si ubora. Najua kijana anayeunganisha "because" na "that is why" na "but although" mpaka sentensi inajaza nusu ukurasa, na ukimaliza kuisoma hujui nani alimfanya nini nani. Kipimo kitamsifu. Na lipo jambo la ndani zaidi, lililoibuliwa na Douglas Biber na wenzake mwaka 2011. Walionyesha kwamba vishazi tegemezi, ambavyo tulikuwa tunavihesabu kama dalili ya maandishi yaliyokomaa, vimejaa zaidi katika mazungumzo ya kawaida. Maandishi ya kitaaluma hukomaa kwa njia nyingine: hubana maelezo ndani ya kirai nomino, yaani jina pamoja na maneno yanayolieleza. Mtu anayesimulia kijiweni atasema "bei ilikuwa ndogo kwa sababu walipouza mara ya kwanza korosho zilikuwa hazijabanguliwa". Mwandishi wa ripoti ataandika "bei ndogo ya korosho ghafi kwenye mnada wa kwanza", na hapo hakuna kishazi hata kimoja. Ukimpima kwa idadi ya vishazi, mwandishi wa ripoti anaonekana mtoto.

Msamiati nao una kiroja chake. Njia nyepesi ni kuchukua idadi ya maneno tofauti, ugawe kwa idadi ya maneno yote. Jaribu kwa Kiswahili: andika mistari miwili, kisha uiendeleze mpaka ukurasa mzima. "Na", "ya", "wa" na "kwa" zitaanza kujirudia tu, huna la kufanya. Kwa hiyo kila insha inavyorefuka, alama ya msamiati inashuka. Aliyeandika maneno 60 akaishiwa anaonekana tajiri wa maneno kuliko aliyeandika 300. Wataalamu wametengeneza fomula za kurekebisha hilo, na zinafanya kazi vizuri kiasi, lakini bado nakutana na watu wanaotumia ile ya zamani kwa sababu inawezekana kwenye kikokotoo cha simu.

Sasa mashine. Mwaka 1966 Ellis Page alitangaza kwamba kompyuta inaweza kusahihisha insha. Programu yake haikuelewa neno hata moja. Ilitazama vitu vinavyoambatana na insha nzuri, kama urefu wake, koma zake, urefu wa maneno, ikakisia alama ambayo mwalimu angetoa. Na ilikisia vizuri! Tangu mwaka 1999 programu ya jamii hiyo, e-rater, imekuwa ikitumika katika mitihani mikubwa ya Marekani ikishirikiana na msahihishaji binadamu. Ila kinachoambatana na ubora si ubora wenyewe. Mwaka 2014 Les Perelman wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, na wanafunzi kadhaa walitengeneza programu inayoitwa BABEL: unaipa maneno matatu, inakutungia insha ya upuuzi mtupu wenye maneno mazito. Mashine za kusahihisha ziliipa alama za juu.

Tusicheke sana lakini. Sisi wenyewe tunadanganywa kwa njia hiyohiyo. Mwalimu yeyote wa Kiingereza anaijua insha inayoanza "It was a bright sunny day and the birds were singing". Tahajia safi, nyakati zimepangika, hati ya kupendeza. Imekaririwa. Watoto kumi wa dawati la mbele wana asubuhi ileile na ndege walewale, hata kama mada ni msiba. Katika rundo lililomleta yule bibi wa korosho, insha ya namna hiyo ilipata 14 kwangu. Niliirudia baadaye nikitafuta sentensi moja ambayo mtoto aliitunga mwenyewe. Niliipata moja, ya mwisho, na ilikuwa na makosa mawili.

Hapo kuna maneno mawili ya wapimaji ambayo mara nyingi huchanganywa. Kipimo kinaaminika kama watu wawili wakikitumia wanapata jibu moja. Kipimo ni halali kama kinapima kile ulichosema unakipima. Kuhesabu makosa ya tahajia kunaaminika sana, hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza atakuletea hesabu sawa na yangu. Lakini ukisema hiyo ndiyo hesabu ya uwezo wa kuandika, umepima uzito wa ganda ukauza punje. Upande wa pili, kauli yangu kwamba nimemwona bibi ni halali kabisa, ila haiaminiki, maana kesho nikiwa na njaa huenda nisimwone.

Kwetu uzito wa jambo hili unazidi wa nchi nyingi. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, halafu kidato cha kwanza karibu kila somo linageuka Kiingereza. Taarifa ya Clive Criper na William Dodd ya mwaka 1984 ilishaonya kwamba wanafunzi wengi wa sekondari nchini hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kusomea. Kwa hiyo mwalimu wa baiolojia naye, apende asipende, anapima uandishi. Anayejua kabisa jinsi mmea unavyotengeneza chakula anaandika kwa Kiingereza cha kuungaunga, na alama inayokatwa hapo haijulikani imekatwa kwa mmea au kwa lugha.

Iko njia moja ninayoipenda kuliko zote, na haina jedwali. Mwanasaikolojia Louis Thurstone aliuweka msingi wake mwaka 1927: binadamu hawezi vizuri kusema kitu hiki kina thamani ya 11, lakini anaweza vizuri sana kusema hiki kinakizidi kile. Muulize mama wa sokoni kama muhogo huu ni saba au nane kati ya kumi, atakushangaa. Mwekee miwili, atachagua kabla hujamaliza swali. Ukiweka insha mbilimbili mbele ya walimu kadhaa, kila mmoja achague iliyo bora, na chaguzi hizo zikaunganishwa kwa hesabu, zinapangika zote kuanzia juu hadi chini, na mpangilio huaminika kuliko alama za mtu mmoja mmoja. Kikwazo ni kazi yenyewe. Insha 80, kila moja ilinganishwe mara kumi, ni ulinganishaji 400. Na haimwambii mwanafunzi kwa nini ameshindwa.

Tulichofanya shuleni kwetu ni cha kawaida tu, kwa kuwa rundo ni rundo. Kabla ya kusahihisha tunachagua karatasi tano, kila mtu anazisahihisha peke yake, kisha tunazilinganisha mezani na kugombana mapema, kalamu zikiwa bado zimefungwa. Huo ndio utaratibu wa wasahihishaji wa mitihani mikubwa pia, kukubaliana mwongozo kwanza. Tunakunja pembe yenye jina. Sehemu nne, kila moja alama tano, na maudhui hayaguswi na tahajia. Pia tunachanganya mpangilio wa karatasi tunapobadilishana, kwa sababu insha ya wastani ikifuata mbovu tatu inang'aa kuliko inavyostahili.

Pengo limepungua. Halijaisha. Wiki iliyopita katika zile tano ilikuwemo sentensi hii: "Every day we wake up at eleven o'clock in the morning and we go to the farm when it is still dark." Sarufi haina doa, tahajia haina doa, na mashine ya kuhesabu kama ile ya Page ingeipitisha. Ila kwa saa za Kiingereza, hiyo ni saa tano asubuhi, jua liko utosini. Mtoto alimaanisha saa kumi na moja alfajiri, na angepaswa kuandika "five". Mwenzangu alikata alama ya msamiati. Mimi nikasema hapana, msamiati uko sawa, aliyekosea ni saa, kwa hiyo kama ni kukata tukate kwenye maudhui. Mwalimu wa tatu, anayefundisha jiografia na aliyekuwa anapita tu kutafuta chaki, akasoma akasema hajaona kosa lolote: kwao Newala saa kumi na moja ni giza, na watu wako shambani.